Sauti ya Kiume

Juzi kanisani Kabati nilisikia msichana akiambiwa apunguze sauti, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Kasikeu. Kanisa lilinukia vumbi lililonyunyiziwa maji. Mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo akaniambia, "Mwende, hiyo sauti ni ya mwanaume. Wewe fungua tu mdomo, usitoe sauti."

Nilidhani kweli kuna mwanaume niliyemnyang'anya sauti, na angekuja kuidai. Nilimkimbilia mama, aliyekuwa akifagia mlangoni.

"Mama, niirudishe?"

"Umrudishie nani? Mungu ndiye alikupa. Rudi uimbe!"

Nilienda kusimama katikati ya wanaume wa besi, nikaimba mpaka mwalimu akaketi.

Sasa mimi ni mchungaji, na wapo wanaosema mwanamke hafai kunguruma madhabahuni. Nanguruma tu.