Kivuli cha Mchikichi Wangu wa Bujumbura

Hapa Kalemie kuna mama mmoja, muuza ndakala, wale dagaa wetu wa ziwani, ambaye mpaka leo akiniona sokoni anaziba mdomo kwa kitenge, na mimi najua anacheka nini, maana aliniona kwa macho yake nikigaagaa kwenye matope, kilemba huku, kiatu kule, nikimlilia mtu aliye hai. Aibu ile sijaimaliza na sidhani nitaimaliza.

Ilikuwa enzi za Zaire, bado tunaitana sitwayeni, yaani mwananchi. Mume wangu alikuwa kazini kwenye reli kule Nyunzu, akaniachia baba yake, Papa Kisimba, mgonjwa wa kifua, nimtunze. Mtaa mzima ulijua hali yake. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyompenda baba yangu mwenyewe (Mungu anisamehe), na yeye alikuwa na ombi moja tu: siku yake ikifika azikwe na watu wengi, asizikwe kama mpita njia, maana alitoka Zongwe akiwa kijana na hapa mjini hakuwa na ukoo.

Sasa mimi na ugonjwa wangu wa maua. Shoga yangu wa Bujumbura akaniletea kwa meli mche wa mchikichi ambao mji huu wote hakuna aliyekuwa nao, hautoi ngazi, zile chikichi zetu, wala mafuta, ni wa kutazama tu, majani yake ya mviringo yamekunjwa-kunjwa kama upepeo wa kuwashia makaa. Papa Kisimba akauzunguka na fimbo yake.

"Unazalaka nini?"

"Hauzalake kitu, Papa. Ni wa uzuri tu."

"Basi panda nyuma ya nyumba."

Nyuma ya nyumba nani atauona? Nikaupanda mbele, kando kabisa ya njia, ili kila apitaye aulize ni wa nani (na waliuliza, nami nilijibu kwa maringo, msinione hivi). Shoga yangu alikuwa ameniambia kwamba ukiwa mdogo jua linauunguza, utafutie kivuli, na kweli asubuhi moja nikakuta majani yameanza kukauka pembeni. Papa alikuwa amekohoa usiku kucha na ndiyo kwanza usingizi umemchukua, nikasema ngoja nifanye haraka, nikashika panga, nikakata matawi marefu ya michikichi yetu ya kawaida, nikayasimamisha kuuzunguka mche wangu pale pale njiani, nikafunga mlango kwa kufuli kwa kuogopa wezi wa sufuria, nikakimbilia sokoni kumtafutia Papa samaki wa mchuzi.

Nyinyi mnajua matawi ya mchikichi yakisimamishwa kando ya njia kwetu yanasema nini. Hata mtoto anajua: humu kuna kilio, ingia. Mimi pia nilijua, ila asubuhi ile kichwani mwangu mlikuwa na mche tu.

Narudi, nasikia vilio tangu kwenye kona. Kiwanja changu kimejaa wamama wamekaa chini, wanaume wanafunga bashe, turubai la kivuli, na kwenye njia, matawi. Mnadhani nilikumbuka ni nani aliyeyaweka? Sikukumbuka. Niliona matawi, nikasema Papa amekwisha, tena amekufa peke yake nimemfungia kama mbuzi, nikatupa kikapu, nikajitupa chini, "Papa weee, umeniacha na nani!" Na wale waliokuwa bado na shaka, waliponiona mimi mwenye nyumba niko chini, wakaongeza sauti. (Kwa kuwa mlango ulikuwa na kufuli, walifikiri maiti iko hospitali.)

Ndipo dirisha likafunguka. Papa Kisimba, blanketi mabegani, amelishika kwa mikono miwili.

"Muko nalia nani?"

Waliokuwa karibu na njia walikimbia. Mimi nikabaki chini na matope usoni. Jirani yangu Mama Feza ndiye aliyepata sauti.

"Njo weye, Papa," akasema, yaani ndiye yeye. "Njo weye tunalilia."

Mzee akamtazama, akatazama bashe, akayatazama matawi yangu. Akafunga dirisha polepole.

Na habari ilikuwa imekwisha kupanda treni. Mume wangu akafika amenyoa kichwa, na sanda kwenye mfuko, akamkuta baba yake amekaa kitandani. Papa akakitazama kile kichwa kwa muda mrefu.

"Mulishanililia," akasema. "Muntu haliliwake mara mbili."

Tulimwomba msamaha, nilipiga magoti, akanishika kichwa akasema haina neno, lakini kula alikula kwa kunifurahisha tu. Mvua hazijaisha, akafa kweli.

Mume wangu alisimamisha matawi njiani alfajiri. Jua likapanda, kiwanja kitupu. Watu walipita, na nikiwa ndani, karibu na maiti, nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mama ule anafunika tena maua yake." Wakacheka. Ilibidi niende nyumba kwa nyumba, nikigonga, nikiapa, na wengine walianza kucheka mlangoni kabla hawajaniangalia vizuri usoni. Mama Feza alikuja, na wachache. Walikaa wima, macho makavu, machozi yao waliyamaliza siku ile. Tulimzika watu wasiojaza hata benchi mbili za kanisa, vile vile alivyoogopa.

Mchikichi haukufa. Sasa umepita paa, ni mzuri kweli, na watu wananiomba miche inayochipua shinani. Nawapa. Ila namwambia kila mmoja aupande nyuma ya nyumba, na kama unataka kivuli aufunike kwa kikapu kibovu. Mimi tawi silisimamishi tena njiani, hata akifa nani.