Choo cha vigae ni cha wakaguzi, sisi tunaenda migombani

Admin, naomba unifichie jina na kijiji, sema tu ni mama wa huku Mgeta, tuko wengi. Nina miaka arobaini na saba, watoto wanne, wajukuu wawili. Shule niliishia la nne, kwa hiyo mtanivumilia nikipotea njiani.

Nalima saladi na karoti. Kwetu Uluguru shamba linafuata upande wa mama, na anayeligawa ni mjomba. Mume wangu ni mtu mwema lakini kwenye hilo shamba hana neno. Mjomba akikwambia toka, unabeba jembe lako unatoka. Na huyo mjomba wangu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha mboga.

Tangu biashara iwe huria kila mnunuzi anakuja na masharti yake. Sisi tumepata kampuni inayopeleka mboga mahotelini. Walitukusanya wakatufundisha vizuri tu: mboga inayoliwa mbichi inataka choo karibu na shamba, watu wanawe kwa sabuni, na maji ya kumwagilia yasipitiwe na uchafu. Mimi wa la nne nilielewa yote. Mjomba alielewa neno moja tu, choo.

Basi akajenga choo. Jamani, kina vigae! Nyumbani kwake anaoga nyuma ya mabanzi, lakini choo cha kikundi kinang'aa kama altare. Kisha akakitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Siku ya wakaguzi wa kampuni anafungua, anatundika kibuyu chirizi cha kunawia, anaweka sabuni mpya. Wakishapanda gari, sabuni inafutwa maji na kurudishwa kwenye karatasi yake. Mwenyekiti mzima na ndevu zake, anakunja karatasi ya sabuni! Na sisi tunaopalilia tunaenda migombani, pale juu ya mfereji wa kumwagilia mboga. Mvua ikinyesha mnajua wenyewe inateremsha nini.

Binti yangu wa pili ni mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Siku moja alimfuata mjomba pale alipokaa na wazee wenzake.

"Shikamoo babu. Naomba ufunguo, nimebanwa."

"Marahaba. Kwani migomba imekatwa?"

"Babu, kule kunateleza, na mimi hali yangu unaiona."

"Hali umejipa mwenyewe. Kile ni choo cha mradi, hakikujengewa matumbo yenu."

Wazee wakacheka, wanaume wenye wajukuu. Binti akapanda kilima ameshika mgongo, analia, na mimi nyuma yake nimemshika mkono asianguke. Tangu siku hiyo shikamoo yangu kwa mjomba inatoka mdomoni tu.

Sasa mwezi uliopita akaja mkaguzi, binti mdogo, ana adabu, alinisalimia kabla hajamsalimia mwenyekiti. Akapiga picha choo, akapiga picha sabuni. Juu kwenye migomba hakupanda, alivaa viatu vya mjini. Tukampikia. Mezani tukaweka wali, kuku na saladi ya kikundi. Akala kwa furaha, akamsukumia mjomba sahani. Yule mzee akaisogeza pembeni kwa kidole kimoja kama mtu aliyeona kombamwiko. "Mimi daktari amenikataza mbichi," anasema. Daktari gani? Kila siku anatafuna kachumbari ya bustani ya mkewe mpaka kitunguu cha mwisho! Anajua vizuri kinachopita kwenye ule mfereji. Wageni waile, yeye ana afya ya kulinda.

Wakati wa kuondoka mjomba akamfungia yule binti mkaguzi furushi la saladi. Binti akaniambia, "Mama, nina mtoto wa miaka miwili, majani haya anatafuna kama sungura." Nikamnyang'anya furushi mkononi, nikasema haya yamenyauka, ngoja nikupe mazuri. Nikakimbia nyumbani nikamchumia yangu ya nyuma ya jiko, ninayomwagilia maji ya chemchemi, ndiyo wanayokula wajukuu zangu.

Mjomba aliona. Gari lilipopinda tu akanijia.

"Umenidhalilisha mbele ya mgeni."

"Nimemwonea huruma mtoto, mjomba."

"Mtoto wa Dar unamjua wewe? Huruma yako kaipande barabarani. Shamba hili ni la ukoo, na mimi ndiye ukoo."

Yeye ndiye ukoo! Mama yangu aliyelipasua lile pori kwa mikono yake hakuwa ukoo, ila huyu mkunja karatasi za sabuni.

Yule mkaguzi amepiga simu kwamba mtoto wake ameipenda sana ile saladi, Alhamisi anarudi na wakubwa wake, wanataka kuona tuta ilipotoka na kuzungumza na mimi mwenyewe. Mjomba ameshanipanga. Nitasimama mlangoni pa choo na kanga mpya, nitasema tunakitumia kila siku, kisha nitawaonyesha matuta ya mfereji niseme ni yale yale. "Wewe una sura ya kanisani," anasema, "watakuamini." Hata uongo wake hawezi kuubeba mwenyewe, anautwisha mpwa wake.

Nikisema kweli, kampuni itatuacha, kikundi kizima kitanilaani, na shamba la mama yangu atapewa mwingine. Binti yangu anajifungua hivi karibuni, hatuna pengine pa kulima. Nikisema uongo, yule mkaguzi ataamini ni salama, atamfungia mwanawe saladi ya mfereji kwa mikono yake mwenyewe, na atanishukuru.

Matusi ya mjomba niachieni mimi, ninayo ya kutosha. Wazazi wenzangu, ninachowaomba ni ushauri: Alhamisi yule mama akiniuliza, nimjibu nini?