Bedford ya Kaka kwenye Banda la Video

Serikali ilipofungulia watu biashara, kila mwenye jenereta pale Kibiti alijiona bwana mkubwa. Nyuma ya soko likaota banda la video: makuti juu, magunia ya kuzibia mwanga, mabenchi ya magogo ya minazi, na televisheni moja iliyogeuza kila sura kuwa ya kijani. Wenzangu walikwenda kutazama mapigano. Mie nilikwenda kutazama malori.

Msinicheke. Nilikuwa utingo wa kaka yangu kwa miaka, na utingo hulijua lori kama mke anavyojua kikohozi cha mumewe. Filamu zilizotufikia zilikuwa kuukuu, na malori yake kuukuu zaidi. Pua ikichungulia tu, nimeshataja: hili Albion, hili Fiat, lile Bedford ya mwanzo mwanzo, tazameni taa zilivyokaa. Wabishi walingoja lori ligeuke waone herufi za jina lake, kisha wakaninunulia kahawa huku wakinitukana.

Kaka mwenyewe hakuwapo tena kunibishia. Aliondoka na Bedford kongwe ya kijani, mali ya tajiri mmoja wa mjini, imebeba unga wa kupeleka Lindi, wakati Rufiji imefurika na bonde lote ni maji. Mimi nilibaki kitandani na homa. Watu wa Ikwiriri walimwona akipita. Watu wa pantoni ya Ndundu hawakumwona akifika. Maji yalipopungua tulitafuta hadi tukachoka, hatukupata hata tairi.

Tajiri alisema kaka kaiba lori. Wazee walisema kafa, tumsomee khitma. Mama, nyumbani kwetu Mtawanya, alichagua la tajiri.

"Mwanangu mwizi," aliwaambia wazee bila kupepesa. "Yuko huko anakula vya wizi. Hasomewi mtu aliye hai."

Mama huyuhuyu alinichapa utotoni kwa kuiba korosho za jirani. Sasa alipita mlango kwa mlango akijitangaza mzazi wa mwizi. Afadhali angelia. Ilinitia uchungu na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani.

Siku moja ambayo sikuwapo bandani, ikaonyeshwa filamu ya vita, lori la kijani likivuka mto. Mpayukaji mmoja akaruka: "Lori la marehemu hilo!" Mwingine akamkosoa kwamba kama ni lake, basi mwenyewe si marehemu. Hadi filamu inakwisha walishakubaliana kuwa ile ni vita ya kweli, huko Msumbiji, na kaka yumo. Habari ilifika Mtawanya kabla yangu.

Mama alikuja Kibiti baada ya sala ya adhuhuri, kavaa baibui lake la Idi. Alikuwa akiliita banda lile nyumba ya shetani. Mwenye banda alimwonea huruma, akawatoa watu wote, akaweka kanda. Mama akakataa kuketi.

"Wanasema wewe hukosei," akaniambia. "Haya, nitazamie."

Lori likatokea, na mimi mwenyewe nikaduwaa. Rangi ileile, boneti ileile ya mviringo, madigadi yaleyale mapana. Uso wa dereva haukuonekana, ila kiwiko kilichotoka dirishani.

"Kiwiko kile nakijua," mama akasema.

Nikamwomba mwenye banda airudishe. Nikatazama tena, nikaona.

"Usukani uko kushoto, mama."

"Si mafundi huhamisha?"

"Huhamisha."

"Basi!"

"Lakini kioo cha mbele kimegawanywa na nguzo katikati. Cha kaka kilikuwa kipande kimoja, nikikifuta mimi kila asubuhi. Hii ni Chevrolet. Inafanana na Bedford yake, lakini siyo."

"Kioo kikivunjika si huwekwa kingine?"

"Huwekwa. Nguzo ile ni ya bodi yenyewe, mama."

Aliweka kiganja chake kwenye kioo cha televisheni, na lile lori likapita chini ya vidole vyake. Nilitamani kudanganya, Mungu anajua. Ila kesho yake angeniuliza lori lile linaelekea wapi, na keshokutwa angenituma nikamlete.

"Ulishindwa nini kusema ndilo?" akauliza, bila ukali.

Nilimsogezea benchi, akalisukuma kando.

"Kama hilo silo, lake liko wapi?"

Mwenye banda akatoka kwenda kuzima jenereta. Tulibaki sisi wawili na ile televisheni iliyozimika. Tulikwenda hadi Mtawanya, mama mbele, mimi nyuma.

Ijumaa iliyofuata alituma waitwe wazee. Ubani ulichomwa, mikeka ikajaa. Mwalimu wa madrasa alipouliza anayesomewa ni nani, sote tuliinamisha vichwa, hata wale waliokuwa wakishikilia khitma tangu mwanzo. Mama ndiye aliyejibu kutoka ukumbini. Alilitaja jina la mwanawe na la baba yake, akaongeza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Na hakuwa mwizi."