Kitenge cha zambarau kiko chini ya godoro

Admin, nifichie jina, maana Masoko ni padogo na mimi nimechoka kunyooshewa vidole. Nina miaka ishirini na sita. Nilizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, vita vikatukimbiza, na sasa naishi Kilwa Masoko kwa mama mdogo, anayeuza samaki wa kukaanga sokoni.

Kabla sijavuka mto, watu wenye silaha walinikamata nikitoka shamba. Walinifanyia unyama ambao mwanamke hamwombei hata adui yake. Sitaeleza zaidi. Nilifika huku mzima wa mwili tu. Usingizini napiga kelele, na mchana mwanaume akipita nyuma yangu naangusha nilichoshika. Mama mdogo akanipeleka kwenye shirika linalosaidia wanawake tuliopitia hayo. Nikatibiwa, na kila Jumamosi tukawa tunakutana kwenye chumba nyuma ya soko. Tunashona, tunalia, tunataniana. Dada mshauri hakuwahi kuniuliza kwa nini nilienda shamba peke yangu. Nikaanza kulala. Waliopita nje walidhani ni kikoba cha kuweka na kukopa, nasi tukawaacha wadhani hivyo.

Sasa huku kwetu mnajua, kikundi bila sare si kikundi. Harusi sare, maulidi sare, hata msiba sare. Na sisi tukataka. Dada mshauri akasita, akasema, "Jamani, mmefikiria watu watauliza nini?" Tukamcheka, tukamwambia yeye si wa pwani, hajui raha ya sare. Kikanunuliwa kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, tukashona wenyewe. Tukakivaa kwenye maulidi, tukakaa safu moja. Wallahi siku ile nilijiona mtu.

Kumbe tumejianika wenyewe. Watu wakaulizana hawa ni kikundi gani, mmoja aliyejua akamnong'oneza mwenzake, basi. Nikipita sokoni nasikia, "Hicho ndicho kitenge cha wale waliobakwa vitani." Wengine wananionea huruma, na huruma yao inaniuma kuliko matusi.

Nina mchumba, fundi pikipiki, kwao Kilangala. Mahari ameshatoa, ndoa tunafunga korosho zikishauzwa. Nilimwambia tu kwamba mimi ni mwoga. Hakudadisi. Tangu siku hiyo akija kwa nyuma yangu anakohoa kwanza, nisishtuke.

Mama yake naye akaja nyumbani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha mkekani na kunishika mkono. "Mwanangu, nimeshasikia. Sikulaumu, hukupenda wewe. Ila mwenzio hajui, na ndugu zake wakijua hapatakuwa na ndoa. Kitenge kile kichome, na kule usikanyage tena. Mimi siri hii nitaingia nayo kaburini." Alikuwa analia. Nimeshindwa hata kumchukia.

Nikaacha kwenda, na ndoto zimerudi. Mama mdogo ananilaza ubavuni kwake kama mtoto. Anafoka, "Mume utapata mwingine. Akili ukiipoteza utaiokota wapi?" Kusema ni rahisi. Mimi nampenda huyu kijana, jamani, na mwingine wa kunikoholea sidhani kama nitampata.

Juzi amekuja. Akakohoa mlangoni kama kawaida yake, akakaa, akaniuliza, "Mbona siku hizi huvai kile kitenge chako cha zambarau? Kinakupendeza. Siku yetu waambie na wenzako wote waje nacho."

Nikamjibu kimechanika. Ni uongo, kipo chini ya godoro ninalolalia, kizima. Sijui kama ameshasikia na ananipa njia ya kusema, au hajui kitu na nikifungua mdomo nitamuona anainuka na kuondoka. Nikinyamaza nampata yeye, lakini napoteza chumba kile kilichonirudishia usingizi.

Mwenye tusi abaki nalo, nimeshatukanwa ya kutosha. Mwenye busara anishauri, dada zangu na kaka zangu. Kesho ni Jumamosi, wenzangu watakaa kunisubiri. Nikichome, au nikivae nipite nacho mbele ya gereji yake?