Jicho moja, jozi mbili za matairi na njia ya Mwamitilwa

Lusia Ngassa hachagui tairi kwa kulitazama. Analiweka mapajani, analibana ubavu kwa kidole gumba, analikunja, analiachia, kisha anasikiliza linavyorudi. Ni saa mbili asubuhi katika kibanda cha fundi Herman, sokoni Masumbwe, na mbele yake kuna jozi mbili za matairi zilizoshuka jana na basi la Mwanza.

Fundi Herman hamharakishi. Anajua mteja wake ana jicho moja linaloona, na anajua lile jingine lilikwendaje.

Lusia, mwenye umri wa miaka 39, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Mbogwe. Kazi yake ni kubeba makohozi ya wachimbaji wadogo kutoka mashimo ya Mwamitilwa hadi maabara ya Masumbwe, yakapimwe kifua kikuu. Ni kilomita ishirini na mbili kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara mbili kwa wiki. Posho yake ni shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Chombo chake ni baiskeli ya milimani ya umeme, aliyokabidhiwa na mradi mmoja wa afya miaka miwili iliyopita.

"Watu wakiiona wanasema Lusia ameula," anasema. "Hawajaisukuma ikiwa imezimika. Kilo ishirini na saba, bado sanduku la barafu."

Baiskeli yenyewe haina ubaya. Ubaya uko chini, inapokanyaga. Rimu zake ni za inchi ishirini na tisa, na maduka ya hapa yana matairi ya ishirini na sita, au ya ishirini na nane ya baiskeli za mizigo. Hayo ya ishirini na nane yamewaponza wengi: ukisoma namba unadhani ni madogo, kumbe ni makubwa zaidi, ukiyavalisha yanacheza kama kiatu cha kuazima.

Njia nayo haina huruma. Kuna miiba ya migunga, kuna vipande vya mawe yaliyopasuliwa kutafutwa dhahabu, vinavyokata kama chupa, na mvua ikinyesha kuna tope jeusi la mbugani linaloshika gurudumu likakataa kuliachia.

Jozi ya kwanza ina meno mafupi na ni nyepesi. Kwa matairi hayo betri inakwenda na kurudi, na chaji inabaki. Ya pili ina meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, na ubavu mnene ambao mwiba hauupiti kirahisi. Lakini ni nzito na inakula umeme. Kwa hesabu ya fundi Herman, betri itazimika kilomita kama nane kabla ya kufika mjini. Mradi hununua jozi moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukikosea, umekosea mwaka mzima.

Mwaka jana Lusia alikosea.

Alichukua meno mafupi, chaji ikamvutia. Ili kufidia wembamba wake akafanya alichowaona vijana wa kwao Samuye wakifanya tangu akiwa mdogo. Alikinga utomvu wa minyaa, ile miti inayozungushiwa uani, akaumimina ndani ya tyubu uzibe matundu ya miiba kutokea ndani.

"Hakuna aliyenituma," anasema. "Nilijiona mjanja."

Siku hiyo alikuwa akirudi na mzigo, jua la saa saba likiwa kichwani. Jiwe lilikata tairi la mbele. Akainama kutazama kama utomvu umeziba, na tyubu ikapasuka mbele ya uso wake. Maziwa ya minyaa yakamwingia jicho la kulia.

Anayejua minyaa hahitaji kuelezwa zaidi: utomvu wake huunguza jicho. Maji yake ya kunywa yalikuwa yamekwisha, na njia ilikuwa tupu. Akapapasa hadi kwenye sanduku, akayatoa makopo ya makohozi akayapanga chini, akachukua barafu iliyokuwa ikiyeyuka na kujiosha nayo. Alijiosha mpaka ikaisha. Mpita njia alimkuta baada ya saa tano, na makopo tisa yalikuwa bado juani, hayafai tena kwa kipimo.

Moja lilikuwa la Mageni, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa akichimba Mwamitilwa.

Lusia alilazwa mwezi mzima Mwanza. Jicho halikurudi. Na huku nyuma hakuna aliyekwenda kuchukua makohozi mengine, kwa kuwa mvua ilikuwa imefunga njia.

Hapa ndipo msiba ulipozaliwa, maana mashimoni watu wana desturi yao. Mwenye ugonjwa hufuatwa na kutafutwa. Asiyefuatwa hujihesabu mzima. Mageni alisubiri wiki tatu, hakuona mtu, akafunga mzigo wake akaenda kwenye rashi, machimbo mapya yaliyokuwa yameibuka ghafla mbali na pale. Simu ikawa haipatikani. Baada ya miezi minne alirudishwa Samuye akiwa amebaki mifupa, na siku ya tisa akafariki. Alikuwa na miaka 31.

Ndugu walijua kuhusu jicho. Kuhusu kopo la Mageni Lusia hakumwambia mtu, na aibu hiyo imemla kuliko upofu wenyewe.

Sasa anayekohoa ni Klara, mjane wa Mageni, ambaye bado anaponda mawe kwa nyundo pale pale Mwamitilwa. Ni wiki ya tano. Mara mbili Lusia amempelekea kopo, na mara mbili Klara amelikataa.

"Dada, chukua nyepesi," fundi Herman anasema hatimaye. "Kilomita nane kwa miguu yako na dude hilo, utatapika njiani."

"Funga yenye meno, fundi," Lusia anajibu. "Kuchoka nitachoka. Jicho jingine sina."

Kesho yake, saa nne asubuhi, yuko Mwamitilwa. Usiku mvua imenyesha, na matairi yamepita mbugani bila kukwama. Klara amekaa juu ya kiroba kitupu, kitambaa kimefunga pua, vumbi jeupe limemkaa hadi kwenye kope. Wanasalimiana kwa Kisukuma, kisha Lusia anatoa kopo.

Klara anatikisa kichwa. Anasema Mageni alipimwa hapa hapa na hakukutwa na kitu, sasa yeye ugonjwa huo angeutoa wapi. Anainua nyundo.

"Mageni hakupimwa, wifi," Lusia anasema.

Anamweleza yote, hadi barafu, hadi makopo yaliyopangwa juani. Sauti yake ni ndogo. Nyundo ya Klara imebaki hewani juu ya jiwe.

Wanawake wengine wanaendelea kuponda, wala hawageuki.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," Klara anasema. "Alikuwa anasita. Nikamwambia, umeshapimwa, unaogopa nini, nenda rashi."

Hakuna machozi. Analichukua kopo, anazunguka nyuma ya lundo la mawe, na kikohozi chake kinasikika hadi huku. Anaporudi hampi Lusia kopo mkononi. Analiweka mwenyewe ndani ya sanduku, anasukumia barafu pembeni yake, anafunika.

"Hili usiliguse," anasema, na kurudi kwenye mawe yake.

Betri inazimika kilomita ya thelathini na sita, kama fundi alivyosema. Lusia anakanyaga. Kwenye kila kilima anashuka na kusukuma, mabega yamepanda hadi masikioni, na mara mbili anasimama kutapika. Saa tisa na dakika kumi mtaalamu wa maabara anapokea makopo sita, yote ya baridi.

Majibu yalitoka siku iliyofuata. Klara ana kifua kikuu. Ameanza dawa za miezi sita, na Lusia ndiye anayempelekea. Klara alikubali habari hii iandikwe, ila hakutaka kupigwa picha.

Lusia ana mpango mmoja tu, na hauhitaji fedha za mradi. Kopo lolote likiharibika mkononi mwake, atarudi shimoni kumwambia mwenyewe kwamba limeharibika, hata kama atakwenda kwa miguu. Hataki tena kuona mtu anauchukua ukimya wake kuwa ni jibu.

Kuhusu Klara, anazungumza polepole zaidi. Anasema dawa anazipokea vizuri, anazimeza mbele yake, lakini neno wifi halimtoki tena kinywani. Sasa anamwita dokta, kama wachimbaji wengine wanavyomwita.

"Miezi sita ni safari hamsini na mbili," Lusia anasema. "Nitazikanyaga zote. Sijui kama zitatosha."