Huyu Mama Hawezi Kuwa wa Tano

Haiwezekani vipi? Unasema mtu akikupenda hawezi kukupa nyota moja. Wewe ulisoma wapi? Sisi tulikosoma, wa kwanza ndiye bora, na ukiwa wa tano unaulizwa nyumbani umeshukaje. Divisheni wani unachinjiwa mbuzi. Sasa umpe mtu aliyekulia hivyo simu yenye nyota tano, umwambie achague iliyo bora, uone kidole kitaenda wapi. Na ubaya ni kwamba tangazo niliandika mimi. Kwa mkono wangu, herufi kubwa, nikalibandika kila meza: MTEJA MPENDWA, TUWEKE NAMBA MOJA KWENYE NYOTA.

Mgahawa ni wa mama mdogo, hapo Sekei. Meza sita, mtori, ndizi nyama, chai ya maziwa. Huyu mama alinilea. Mtu akimsema vibaya mbele yangu, kwanza nasimama, halafu ndiyo nafikiri, kama nitafikiri. Mambo ya simu nilijifunza mwenyewe, kwa video na kubonyezabonyeza. Mimi ndiye niliyeuweka mgahawa kwenye ramani ya mtandaoni, nikapiga picha za mtori, nikajiona mtaalamu.

Basi Jumatatu moja akaja dada mmoja wa lodge ya Usa River. Akala, akasifu, akasema anatafuta mahali pa kuwaleta wageni wake chakula cha mchana wakitoka mlimani.

"Lakini bosi wangu anaangalia maoni kwanza," akasema. "Nyinyi mna watu watatu tu walioandika. Ijumaa ataangalia tena."

Nilimwona mama mdogo anaifuta meza ambayo ilishafutwa. Siku hizo kulikuwa na mchana tunauza sahani nane tu. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi."

Ndiyo matangazo yakaenda mezani. Mama naye kila anayeinuka anamwimbia, "Mtuweke namba moja jamani, msisahau!" Watu wakaitikia vizuri sana.

Jumatano asubuhi nafungua simu, nakuta nyota moja. Hakuna neno hata moja, nyota moja tu, na picha ya ua la waridi mahali pa sura. Jina silijui. Aisee, damu ikapanda. Nikasema huyu katumwa, huyu kaona tunainuka. Sikumuuliza mtu, sikunywa hata maji. Nikaandika: "Mchawi wewe. Hujawahi kukanyaga hapa. Roga kwako, sio kwa mama yangu." Nikatuma. Nikajisikia vizuri kabisa, nikaenda kumenya ndizi napiga mluzi. Mchana zikaingia nyingine mbili, moja moja vilevile. Hizo nikawa nazitafutia maneno makali zaidi.

Alhamisi akaja bibi wa ndizi; siku zake ni Jumanne na Alhamisi. Ni mama wa Kimeru, mjane, anateremka na pikipiki kutoka shambani kwake mlimani, mikungu imefungwa nyuma. Amemletea mama mdogo ndizi tangu enzi mama anauza mtori kwenye ndoo, hana hata banda. Akishusha mzigo anakaa meza ya kona, analetewa bakuli, wanacheka mpaka dereva anapiga honi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alinipita, akaenda moja kwa moja kwa mama mdogo.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Wewe? Unikosee nini tena?"

Akafungua pindo la kitenge, akatoa simu. "Hii ni ya zamani ya binti yangu aliyeolewa jirani, kanipa. Jana jioni tuko na wenzangu wa kwaya, binti akawa ananisomea. Akasoma kwa sauti, hakujua kilichoandikwa. Mbele yao wote. Nimeitwa mchawi."

Mama mdogo akacheka kwa hasira. "Mpumbavu gani huyo? Lete nimwone!" Akaisogeza simu machoni. Nikaona ua la waridi. Chini yake, maneno yangu, na juu ya maneno yangu imeandikwa: Jibu la mmiliki. Mmiliki. Yaani yeye.

Akageuka taratibu. "Ni wewe?"

"Mama, katupa nyota moja!"

"Si mlisema namba moja?" Bibi alikuwa ananiangalia sasa. "Nikabonyeza ile ya kwanza kabisa. Binti akaniambia bonyeza ya mwisho. Nikamwambia hapana, huyu mama hawezi kuwa wa tano."

Akashusha ndizi, akapanda pikipiki, akaondoka. Bakuli lilikuwa limeshapakuliwa.

Mimi nimetukana watu wengi, sikufichi. Lakini bibi mjane anayeishi peke yake, ukimwita mchawi hadharani, hilo sio tusi. Hilo linabaki mlangoni kwake.

Mama mdogo hakunipiga. Alienda uani akakata jani la sale kwenye ua. Kwao Uchagani, ukimpelekea mtu sale umekiri kosa, naye akilipokea amekusamehe, na kulikataa ni jambo zito. Bibi ni Mmeru, ila jani hilo analijua. Tukafunga mgahawa mchana, tukapanda mlimani, mimi nimelishika jani mbele kama mshumaa. Nikapiga magoti barazani kwake. Kuku wakapita kati yetu. Halafu akalipokea, akaliweka mapajani.

"Yameisha," akasema.

Ningeinuka pale, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini kesho yake ni Ijumaa, bana. Kichwani mwangu ilikuwa Ijumaa tu.

"Bibi, samahani. Simu yako iko karibu?"

"Ya nini?"

"Ile nyota. Haijakaa vizuri. Nikurekebishie."

Mama mdogo alinifinya mgongoni, nikajifanya sijasikia. Bibi akanitazama, akalitazama jani, akanipa simu.

"Mimi nilikupa ya kwanza," akasema. "Weka unayotaka wewe."

Nikaweka tano. Kidole changu. Jani liko mapajani mwake bado. Nikafuta na lile jibu langu, kama vile ningeweza kuwafutia na wanakwaya. Wale wengine wawili, kumbe ni wateja wetu wa kila siku, niliwakamata mezani jioni, wakacheka sana, wakabadilisha wenyewe.

Lodge wakakubali. Wageni wanakuja mara mbili kwa wiki, wanaandika maneno mazuri, mama ameongeza meza. Watu wananisifu, eti kijana ana akili ya biashara.

Bibi bado analeta ndizi. Nikimwamkia anasema marahaba. Ila hakai. Anashusha mzigo, anasimama nje kando ya pikipiki, anasema ana haraka, wakati dereva mwenyewe amezima injini na anakula andazi. Alhamisi iliyopita manyunyu yalikuwa yanamlowesha kitenge. Mama mdogo akaweka bakuli mezani, akanisukuma begani.

"Nenda ukamkaribishe. Mdomo uliomfukuza ni wako."

Nikafika mlangoni, nikasimama. Bibi akageuka akaniona. Wewe ungepata wapi uso wa kumwambia karibu?