Sahani za Celina wa Kiirua

Celina ana ulimi mwepesi wa kuahidi, na safari hii ulimponza. Alisimama mbele ya jumuiya yetu ya maombi akatangaza, "Jumapili mje kwangu. Na hakuna mama atagusa sahani. Mtakaa kwenye viti mpaka mchoke!" Tukampigia makofi. Huku kwetu mwanamke akialikwa kula anajua atamalizia kwenye karai la vyombo, na maji ya Kiirua yanauma vidole kwa baridi mpaka unasahau ulichokula.

Kilichompa jeuri ni mashine ya kuosha vyombo, zawadi ya bintiye Kananu anayefanya kazi Nairobi. Mwanzoni ilifanya kazi vizuri, kisha ikaanza visa. Sahani zikawa zinatoka na ukungu wa kijivu, na vikombe vina chembechembe chini kana kwamba vimechota maji mtoni. Jumamosi, kesho yake tukitarajiwa, nilienda kumsaidia kumenya viazi nikamkuta amepiga magoti, kichwa kiko ndani ya mashine.

"Lydiah, nitaficha wapi uso wangu?" akaniuliza. "Wakiona hizi sahani watanicheka mpaka Mikinduri."

Sikumdanganya. Wangecheka, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Basi nikamenya viazi, yeye akahangaika. Alitoa chujio la chini, akakuta ganda moja la maharagwe ya njahi, basi. Akapanga sahani upya zisibanane. Akaongeza sabuni, akaongeza joto la maji. Wapi! Zikatoka vilevile. Akampigia Kananu simu, naye akamwambia atazame ile mikono inayozunguka mle ndani ikirusha maji. Celina akaichomoa, akaiinua penye mwanga wa dirisha. Vitundu vyake karibu vyote vilikuwa vimeziba. Akachokoa kimoja kwa pini ya nywele, akasugua ule uchafu kwa vidole, akaunusa.

"Jivu," akasema. "Jivu limeingiaje humu?"

Kabla sijajibu, mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia mama mkwe wake, Mama Angeline, akitoka kwenye jiko la kuni lililo nje, na mkononi ana kopo la jivu. Alipotuona akalificha chini ya leso.

Kwetu mtu hamkaripii mama aliyemzaa mumewe, hata akichoma nyumba. Mimi nikakazia macho viazi vyangu. Celina akauliza polepole, "Mama, hiyo ni ya nini?"

"Ni ya kusaidia hii kitu yako. Haina nguvu. Inapiga kelele tu, haisugui. Mimi sufuria zangu nimesugua na jivu tangu niolewe, na ungeweza kujiona uso. Kwa hivyo nikipita naiwekea kidogo."

"Na mbona hukuniambia, Mama?"

Mama Angeline akaketi. "Ningekuambia saa ngapi? Tangu ikuje, hakuna mtu ananiita hapa jikoni. Zamani ulikuwa unaosha, mimi nasuuza, tunapiga stori. Sasa unabonyeza, unaenda. Mimi nabaki huko nje na kuku."

Kicheko nilichokuwa nimekibana kiliniisha palepale. Celina alikuwa na hasira, niliiona, lakini ilimtoka kama machozi. Alivua pini ya pili kichwani akampa mama mkwe wake, wakaketi bega kwa bega kuzibua vitundu, huku Mama akimsimulia ng'ombe wa jirani alivyokula kabichi zake. Walipoiwasha mashine tena, sahani zilitoka zinang'aa mpaka nikaona meno yangu, hata lile bovu.

Jumapili tulikula mukimo wa viazi na mahindi, na nyama, mpaka tukalegea. Tulipomaliza tukainuka na sahani zetu, maana mazoea yana taabu. Mama Angeline alikuwa ameweka kiti chake mlangoni mwa jikoni, leso mpya imekazwa kiunoni.

"Rudini mkae!" akatufokea. "Hapa tuna kazi, mimi na mke wa kijana wangu."

Tukarudi tukicheka. Celina alikuwa ndani akipanga vyombo. Akabonyeza, mashine ikaanza kunguruma, nasi tukamwita aje akae nasi sebuleni. Hakuja. Alivuta kigoda, akaketi kando ya mama mkwe wake, na stori zao zikaendelea hata baada ya mashine kunyamaza.